Waya Niliouweka Mahali pa Fyuzi

Mimi ndiye niliyemuunguza mikono mume wa dada yangu. Siku yenyewe nilikuwa Moshi mjini, kwenye kibanda changu cha ufundi, nakunywa chai. Lakini ni mimi!

Shemeji Elibariki ana kihamba, shamba la ukoo, kule Machame, kahawa na migomba, na ng'ombe wawili. Kila wiki alikuwa akishuka bwawa la Nyumba ya Mungu kuvua. Mtumbwi wake niliufungia mota ya umeme wa betri mwenyewe, na nilijivuna sana.

Shida ikawa magugu. Yakijisokota kwenye propela, propela inakwama, fyuzi inakatika, mota inazima. Hiyo ndiyo kazi ya fyuzi jamani! Mota iliyokwama huvuta umeme mwingi mpaka waya ziungue. Mimi nilijua. Yeye hakujua.

"Shemeji, hii kitu inanizimikia katikati ya maji," akanilalamikia. "Upepo unanibeba, wenzangu wananicheka. Wewe fundi gani?"

Neno hilo liliniuma. Nikachukua kipande cha waya mnene wa shaba, nikakiweka mahali pa fyuzi.

"Haitazima tena," nikamwambia. Akanishukuru!

Wiki ya pili, propela ikanasa wavu mbovu uliozama. Mota ikanguruma bila kuzunguka. Elibariki, kwa kuniamini, akazidi kuikoleza. Waya zikashika moto pale alipokaa. Akazing'oa kwa mikono miwili, plastiki iliyoyeyuka ikamgandia.

Hospitali walimkata vidole vinne. Vilivyobaki havikunjiki.

Hapo ningesema. Sikusema! Nilishuka bwawani kana kwamba naenda kukagua, nikautoa ule waya wa shaba, nikautupa majini. Dada alipouliza nikajibu, "Alilazimisha mota."

Unajua shemeji aliniambia nini akiwa kitandani? "Nisamehe, nimekuharibia kazi yako." Nami nikamjibu, "Usijali." Ee Mungu wangu! Usijali!

Miezi tisa nilimwacha ajione mjinga. Jumapili moja baada ya ibada nikashindwa kuvumilia, nikapanda Machame, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo sikukosea mimi?"

"Hukukosea, shemeji."

Akalia. Dada alikuwa anamfungia vifungo vya shati. Akamaliza, akasema bila kunitazama, "Nenda. Usirudi hapa."

Sijarudi. Nasikia kahawa dada anaichuma peke yake, na ng'ombe mmoja wamemuuza kwa kukosa mkamuaji. Simu zangu hapokei.

Mafundi wenzangu, mteja akikwambia hujui kazi, mwache aseme. Fyuzi iwe ya kipimo chake. Mfundishe propela ikikwama azime kabisa, achomoe betri, ndipo atoe kilichonasa. Na ukishakosea, sema siku ileile! Mimi nilisema vidole vya mtu vikiwa vimeshazikwa, na ukweli wangu haukumsaidia hata kushika kikombe.