Mpanga Safu wa Kampuni ya Humber

Daulat Virani alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, goti moja la kutumaini na jingine la kubahatisha, alipojiunga na jeshi la kukodiwa.

Lilikuwa jeshi la karne ya kumi na tano, na lilikutana kila Jumamosi saa nne asubuhi katika bohari tupu kule Rexdale, kitongoji cha viwanda huko ughaibuni, jirani na fundi wa matairi. Watu ishirini na tisa, pamoja na kapteni wao, walijifunza kushika mikuki ya mita nne yenye ncha za mpira, kujipanga safu nyuma ya safu, na kusukumana na watu wengine wenye mikuki kama hiyo. Ndivyo walivyofanya mamluki wa Uswisi na Ujerumani zaidi ya miaka mia tano iliyopita, isipokuwa wale walikufa.

Yote yalianza na theluji. Daulat aliingia maktaba ya mtaa wao, Thorncliffe Park, kusubiri ipungue, akafungua kitabu kilichokuwa mezani kwa sababu kilikuwa na picha. Alitarajia wafalme. Badala yake akakuta watoto wa wafugaji maskini wa milimani, watu wenye ng'ombe wachache na ndugu wengi, wanashuka bondeni kila masika kukodiwa na mji wowote wenye vita. Wanapigana majira ya joto, baridi ikianza wanaambiwa ahsanteni, nendeni kwenu. Alisoma mpaka mkutubi alipozima taa za upande mmoja, kisha akarudi nyumbani karibu anakimbia.

"Roshan! Walikuwa wanapiga kura!"

Mume wake, Roshanali, mfamasia mstaafu wa Mwanza ambaye siku hizi kazi yake kubwa ilikuwa kupingana na redio, aliinua macho. "Nani?"

"Mamluki! Wanasimama duara, askari wa kawaida, wanamchagua mmoja wao awe mpanga safu. Mwezi mmoja tu, halafu wanachagua tena. Bwana mkubwa aliyewakodi hana neno."

"Halafu wanakwenda kuchoma miji ya watu."

"Hiyo iko mbele. Sijafika."

Ili kumwelewa Daulat lazima ijulikane kwamba alikuwa hajawahi kupigiwa kura maishani, hata ya kiranja wa darasa. Miaka thelathini alifanya kazi ofisi ya bima, akisoma ajali za watu wengine. Miaka ishirini na sita alikuwa volontia wa jamatkhana, nyumba ya ibada ya jumuiya yao, yule mama mwenye sare ambaye siku za sikukuu husimama mlangoni na kwa mkono mmoja huelekeza watu elfu mbili: wazee huku, wenye watoto kule, viatu pale, usiniangalie mimi angalia mbele. Kote huko aliteuliwa. Aliteuliwa na watu waliompa cheti na picha ya pamoja. Kuteuliwa ni jambo jema, lakini hakuna duara la watu lililowahi kumtazama na kusema, tunamtaka huyu.

Jeshi lile, lililojiita Kampuni ya Humber kwa jina la mto wa jirani usiokuwa na habari, lilimpokea kwa heshima na kumpa ndoo ya maji. Kapteni Hyder, mwalimu wa historia aliyezaliwa Arusha, alimweleza kwamba majeshi hayo yalifuatwa na wanawake wengi waliobeba mizigo, kupika na kufua. Alisema kweli. Historia ina ukarimu huo, huwa haikosi sababu ya kumfanya mama abebe maji. Daulat aliyabeba miezi minane. Akiwa na ndoo yake alitazama, na kila alichokitazama alikikumbuka.

Jumamosi ya pili ya Juni kampuni ilikwenda kwenye uwanja wa bustani moja Etobicoke kupambana na kampuni ya mji wa Hamilton. Sheria ilikuwa fupi: vikosi viwili vinasukumana, safu itakayoachia nafasi kwanza imeshindwa. Raundi mbili. Kabla ya kuanza, Hyder aliita duara, maana mpanga safu wa mwezi uliopita alikuwa amehamia Calgary.

"Nani anataka?"

Tumsifu akainua mkono. Kijana wa Machame, mrefu kama mlingoti wa bendera, mpakiaji katika bohari za karibu na uwanja wa ndege. Wakala wa ajira alimpigia simu kila alfajiri kumwambia kama leo anatakiwa au hatakiwi. "Ninyi mnaigiza," alipenda kusema, "mimi ndiye mamluki mwenyewe."

Halafu mkono mwingine ukainuka, na ndoo ikawekwa chini.

"Mama Daulat?" Tumsifu akashangaa. "Shikamoo mama, lakini hii ni vita."

"Marahaba. Umewahi kupanga foleni ya pilau ya watu elfu mbili?"

"Hapana, mama."

"Basi nyamaza kuhusu vita."

Médiatrice, mlezi wa chekechea kutoka Bujumbura, alicheka mpaka kofia ya chuma ikamfunika macho. Kura zikapigwa. Kumi na nne kwa kumi na nne. Hyder, ambaye kwa sheria hakupiga kura, akafanya jambo la busara na la woga kwa pamoja: Tumsifu apange raundi ya kwanza, Daulat ya pili, kisha duara likutane tena liamue.

Tumsifu alipanga kwa kimo. Warefu mbele, wafupi nyuma, yeye mwenyewe katikati kama nguzo. Ilipendeza sana kwa macho. Filimbi ikalia, Hamilton wakaja, na ikagundulika kwamba wawili kati ya warefu wa mbele walikuwa mume na mke walioachana Februari. Waliegemea pande mbili tofauti. Walidumu sekunde arobaini na moja.

"Wamebahatisha!" Tumsifu akahema, majani mdomoni.

Zamu ikawa ya Daulat. Akavua kilemba chake cha kiaskari chenye manyoya ya ndege, akakifunga kiunoni, akaanza.

"Wewe na wewe, mwisho huu na mwisho ule, msionane. Wewe goti lako bovu kama langu, safu ya tatu, utaegemea, hutaegemewa. Warefu nyuma, mikuki yenu itapita juu ya vichwa. Médiatrice, mbele kabisa."

"Mie? Mama, mie mfupi!"

"Kila siku unazuia watoto kumi na wawili wasitoke mlangoni. Hao Hamilton ni wakubwa kidogo tu."

"Bon, sawa," akasema Médiatrice, akaenda mbele.

"Mimi je?" akauliza Tumsifu.

"Nyuma, mwanangu. Na usisukume kwa hasira. Sukuma kama unafunga sanduku lililojaa nguo."

Filimbi. Mikuki ikagongana kama mbao zinazoshushwa lorini. Daulat alikimbia ubavuni mwa kikosi, goti la kubahatisha limesahauliwa, akipaza sauti: "Polepole kulia! Safu ya pili, pumua! Macho mbele!" Sekunde arobaini zikapita. Dakika. Médiatrice alikuwa amejikita ardhini kama kisiki. Dakika na nusu. Hamilton walianza kutazamana. Dakika mbili, na kwa mara ya kwanza safu ya Humber ikasogea mbele, hatua moja, halafu ya pili, na Daulat akasikia mtu anapiga vigelegele na kugundua ni yeye.

Hapo ndipo alipoiona fimbo.

Iliingia pembeni mwa macho yake, nyuma ya kikosi chake: fimbo, kofia ya sufu, na hatua za taratibu za mtu aliyeinama kupita chini ya utepe wa njano kwa sababu vyoo vilikuwa ng'ambo ya uwanja na njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu. Daulat hakutazama uso. Miaka ishirini na sita haimpi mtu nafasi ya kutazama uso. Mkono wake ulikwisha kupanda juu, na sauti ikatoka, ile ya mlangoni, isiyojibiwa:

"Mpisheni mzee!"

Na wakampisha. Watu ishirini na wanane waliinua mikuki kwa pamoja, wakagawanyika katikati, nusu kushoto, nusu kulia, kichochoro kikafunguka kimenyooka kama kimepigwa rula. Hawakuwahi kufanya kitu chochote kwa pamoja hivyo, hata kula. Hamilton, waliokuwa wakisukuma kwa nguvu zao zote, wakajikuta wanasukuma hewa. Walipita kwenye kichochoro hicho kwa kasi, wa mbele akajikwaa, wa nyuma wakamfuata, na kapteni wao akatua kifudifudi hatua tatu mbele ya yule mzee: Roshanali, aliyekuja kumtazama mkewe.

Roshanali alimtazama kwa huruma ya kitaalamu. "Hamjambo," akawasalimu wote, akawazunguka, akaendelea na safari ya chooni.

Mwamuzi alisimamisha saa. Dakika mbili na sekunde kumi na nne. Alisoma sheria mara mbili, kisha akatangaza alichopaswa kutangaza: safu iliyoachia nafasi imeshindwa. Hamilton walishangilia wakiwa bado chini.

Daulat alisimama na mkono wake hewani kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa ameshika ushindi, akaupisha.

Duara likakutana. Hyder akakohoa, akasema kwamba katika historia, kwa kosa kama hili, mpanga safu angeweza kupelekwa mbele ya mikuki ya wenzake.

"Kapteni, tulia," akasema Tumsifu. Alivua kofia ya chuma, nywele zimelowa. "Mimi nafanya kazi na watu wanaonipigia kelele kutwa nzima. Hakuna hata mmoja nimewahi kumtii kabla sijaelewa amesema nini. Leo nimeinua mkuki, halafu ndiyo nikaelewa. Sasa ninyi niambieni mnataka mpanga safu wa namna gani mwingine." Akainua mkono. "Namtaka huyu mama."

Médiatrice akainua miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Kisha mingine, mbele, kulia, nyuma, wale walioachana wote wawili. Daulat alizunguka polepole ndani ya duara akiihesabu, bila aibu, kwa kidole, na alipofika ishirini na saba akarudia tangu mwanzo, kwa sababu alitaka.

"Mwezi mmoja tu, mama," Hyder akamkumbusha.

"Mwezi una Jumamosi nne," akasema Daulat, macho yakimeta. "Na wale Hamilton wamekwisha kusimama. Nendeni mkawaulize kama wanaogopa raundi ya tatu."