Siku Makochi Yangu Yalipohamia kwa Mzee Magesa

Jamani, leo nacheka, lakini ile siku ningeliona shimo ningeingia mwenyewe nikajifukia, na mpaka sasa nikipita pale Kirumba wauza mkaa wananiuliza, "Mama Shija, leo kochi limelala kwa nani?"

Ilianza na mjumbe wetu kutangaza kwamba dada wa ustawi wa jamii anakuja kutembelea nyumba za wazee, aone nani hana uwezo kabisa atibiwe bure, na wenye uwezo wachangie bima. Mama yangu mzazi, Bibi Nyamizi, magoti hayampi raha, hospitali tunaenda kila mara, basi nikajiambia huyo dada akiona runinga sebuleni tumekwisha. Asubuhi hiyo mama alikuwa kwenye sala ya jumuiya, nikaibeba chapuchapu nikaipeleka kwa jirani, Mzee Magesa, fundi viatu mstaafu anayeishi peke yake na redio mbovu. (Runinga tu. Naapa nilipanga runinga tu.) Kurudi ndani naona sasa friji ndilo limejitokeza, nikaita vijana wakalihamisha, na friji lilipoondoka yale makochi yangu ya maua mekundu yakaanza kunikodolea macho, nikasema haya, nayo yaende!

"Sasa mwanangu, nikiulizwa?" Mzee Magesa akauliza, amebanwa ukutani kwake hata pa kugeukia hana.

"Sema ni vyako, baba, ni asubuhi moja tu."

Akakubali kwa ustaarabu wake, maana ni mtu asiyejua kumnyima mtu kitu. Ila kuna jambo dogo sikumuuliza: kama na yeye alikuwa anamngoja huyo dada.

Mimi niko uani najifunga khanga yenye matundu ili nifanane na nyumba, mama akarudi. Akafungua mlango, akaona sakafu tupu, akapiga mwano. Kwa asiyetujua Wasukuma, mwano ni ule ukelele ambao ukisikika hakuna anayebaki kwake, kila mtu anatoka mbio na alichoshika. Wakaja na fimbo, na miko ya ugali, mmoja na ndala mkononi. "Tumeibiwa! Hata friji!" mama analia, na magoti yote yamepona ghafla, anatangulia mbele. Mtu akasema ameona kochi likiingia kwa Mzee Magesa, na kabla sijafunga vizuri khanga yangu mtaa mzima ulikuwa mlangoni kwake.

Na nani amekaa kwenye kochi langu la maua? Dada wa ustawi wa jamii! Anatikisa kichwa, anasema, "Mzee, mwenye vitu hivi hatibiwi bure," na Mzee Magesa, masikini, ahadi haivunji: "Ni vyangu, binti."

"Mwizi!" watu wakapiga kelele.

Jamani moyo uliniuma. Mtu mwema vile, kifua kinambana kila usiku, anapoteza matibabu na heshima kwa ajili ya makochi yangu. Nikapenya katikati ya watu na matambara yangu nikasema kwa nguvu, "Ni vyangu! Nimevificha mimi, ili mama aonekane hana kitu!"

Halafu kicheko, kile cha watu kushikana mabega. Dada wa watu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ushungi wake, kisha akasema Mzee Magesa hana shida, atapendekezwa kwa matibabu ya bure, "na wewe Mama Shija, kwa utajiri huu utamchangia mama yako bima, tena bila kunung'unika." (Nachangia. Sinung'uniki kwa sauti.)

Kilichonimaliza ni kurudisha vitu, mchana kweupe. Mama aliketi kwenye kochi akagoma kuteremka, magoti yameanza tena, vijana wakambeba juu kwa juu na kochi lake, watu wanapiga vigelegele kama harusi, mimi nyuma na khanga yangu ya matundu nimekumbatia runinga. Tulipofika mlangoni akaniangalia kutoka huko juu.

"Siku nyingine ukitaka kunifanya masikini," akasema, "uniulize kwanza."

Siku hizi nikisikia mkaguzi anakuja, sihamishi hata kijiko. Runinga naiwasha kabisa.