Jozi Tatu kwa Saba

"Mbah, kama unajua ilipo, mbona unafunua ya pembeni yake?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, kwenye benchi nje ya chumba cha tiba, katika zahanati ya kata yetu hapa Pekalongan. Mbah Tukirin, yaani Babu Tukirin, alikuwa anavaa ndala zake taratibu, akianza na mguu wa kulia kwa sababu ndio uliokuwa mzito. Alimaliza kuvaa, akaniangalia, akasema, "Umeshakula, Nduk?" kama wazee wetu wanavyomwita mtoto wa kike.

Nikamwambia nimekula.

"Nggih," akasema. Hiyo ilikuwa "ndiyo" yake, aliyompa kila mtu kwa kila jambo. Akainuka, akaondoka.

Alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mihuri ya batiki. Anakata ukanda mwembamba wa shaba, anaukunja kwa koleo mpaka utoke jani au bawa la ndege, anaulehemu kwenye fremu. Wapiga batiki wanauchovya kwenye nta ya moto na kugonga kitambaa. Muhuri mmoja ulimchukua wiki mbili, na alifanya hivyo miaka arobaini na sita, kwenye banda nyuma ya nyumba. Kelele za nyumba ile zote zilikuwa za mkewe, Sarjiyem. Aliwafokea kuku, aliifokea redio, alimfokea mumewe aje kula. Kwa Mbah mwenyewe ulisikia koleo tu.

Sarjiyem alifariki nikiwa na miaka saba. Mama anasema siku ya mazishi Mbah alipanga viti mwenyewe, akamuuliza kila mgeni kama amepata chai. Siku ya arobaini akafanya vilevile. Baada ya hapo akawa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila ganzi yenyewe ilimshika mwili mzima. Niliwahi kumkuta barazani anakunywa chai yenye sisimizi.

"Mbah, kuna sisimizi humo."

"Nggih," akasema, akaendelea kunywa.

Mwaka uliofuata akapata kiharusi. Hakikuwa kikubwa, lakini kilimwangusha bandani huku jiko la kulehemu likiwaka, na kama baba yangu asingeona moshi, tungekuwa tunasema mengine. Mwanawe wa pekee, Gunadi, ninayemwita Mas, yaani kaka, akaja kwa treni kutoka Bekasi, ambako anafanya kazi kiwanda cha matairi. Hakuwa mtu mbaya. Alilala sakafuni siku nne pembeni ya kitanda cha baba yake. Ndipo wakakubaliana na zahanati: Mbah atatibiwa miezi mitatu, kisha mtaalamu atasema kama akili yake inamtosha kuishi peke yake na moto wa kulehemu. Ikimtosha, atabaki na banda lake. Isipomtosha, atahamia Bekasi na nyumba itauzwa.

"Sawa, Bapak?" Mas Gunadi alimuuliza baba yake.

"Nggih."

Mtaalamu alikuwa Bu Ratri, msichana wa Solo, mji unaosifika kwa adabu, ndiyo kwanza ametoka chuo. Wagonjwa wote walimwita Bu Dokter. Hakuwa daktari, na alishachoka kukataa. Mama yangu alikuwa anaandikisha wagonjwa dirishani, kwa hiyo nikitoka shule saa sita mchana nilikaa chumbani kwa Bu Ratri kwa sababu kulikuwa na feni. Sharti lilikuwa moja tu, ninyamaze.

Tiba yenyewe ilikuwa kadi. Bu Ratri alizikata mwenyewe kutoka kwenye maboksi, akabandika picha: birika, jogoo, baiskeli, papai, kobe, mpaka picha kumi, kila picha kadi mbili. Unazipanga mezani zikiwa zimelala kifudifudi, safu nne za tano tano. Unafunua mbili. Zikifanana unazichukua, zisipofanana unazifunika tena na mwenzako anacheza. Chumba kilikuwa na mtaalamu mmoja na mgonjwa mmoja, hivyo mwenzako alikuwa Bu Ratri. Mwishoni aliandika kwenye fomu mgonjwa amepata jozi ngapi.

"Zamu yako, Mbah."

"Anza wewe, Bu Dokter."

"Wiki iliyopita nilianza mimi."

"Nggih. Basi umeshazoea, anza tena."

Alianza, na Mbah akashindwa. Alipata jozi tatu, Bu Ratri saba. Alhamisi iliyofuata ikawa tatu kwa saba, na iliyofuata hiyo pia. Pak Karsono, mzee mwenye jicho moja aliyekuwa anaingia baada yake, alikuwa anachungulia dirishani na kumcheka.

"Tukirin! Hata jogoo humwoni? Mkubwa namna hiyo?"

"Macho ya zamani haya."

"Macho! Mimi hapa nina moja na Bu Dokter nilimchapa sita kwa nne!"

"Uliinua kona za kadi, Pak Karsono," Bu Ratri akasema.

"Si ulikuwa mezani wewe mwenyewe? Au alikaa mtoto wa shule? Ungenikamata!"

Mbah alitabasamu kidogo, kwa adabu, na kuvaa ndala zake. Bu Ratri akaandika tatu kwenye fomu. Nilimwona akiigusa ile namba kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayegusa jipu.

Kilichonishangaza mimi ni hiyo tatu. Wiki nane, kila Alhamisi, tatu. Nilidhani anayesahau leo atapata mbili, kesho tano, siku moja atabahatisha. Basi Alhamisi ya tisa nikachora visanduku ishirini kwenye daftari la hesabu, na kila Mbah alipofunua kadi nikaweka alama. Bu Ratri alifunua kobe safu ya pili, akamfunika. Mbah akafunua kobe wa pili safu ya nne, kisha mkono wake ukaenda moja kwa moja safu ya pili, ukasimama juu ya kobe, ukasogea kadi moja kushoto. Papai. Zamu iliyofuata alifanya vilevile kwa birika. Mara kumi na moja alikosea, na mara zote kumi na moja alifunua kadi iliyogusana na ile sahihi.

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza pale kwenye benchi, akaniuliza kama nimekula.

Nyumbani nikamwonyesha Mama daftari. Aliangalia muda mrefu huku wali unaungua.

"Anamwachia," akasema. "Anaona haya kumshinda Bu Dokter."

"Mbona asimwachie zote?"

"Ampe sifuri? Bu Ratri angeonekana amemwonea mgonjwa. Tatu ni nzuri. Tatu haimwaibishi mtu."

"Nimwambie Bu Ratri?"

"Usithubutu! Umwambie mtu wa watu kwamba wiki tisa anaachiwa ashinde?"

Mama aliposema hivyo sikumwelewa, maana Mbah alikuwa anapoteza nyumba. Nikangoja Jumatatu, Mama akiwa dirishani, nikaliweka daftari mezani kwa Bu Ratri. Alifuata alama zangu kwa kidole, moja moja, mpaka ya mwisho. Akafunika mdomo.

"Mimi!" akasema. "Mtu wa Solo! Bibi yangu mpaka leo akicheza na mkwewe anashindwa makusudi, na mimi nakaa hapa naandika tatu, tatu, tatu."

Alhamisi hakukaa kwenye kiti chake. Alipanga kadi, akamfunulia Mbah zote aziangalie kidogo, akazifunika, akasimama karibu na kabati.

"Leo huna mwenzako, Mbah. Ni kadi na wewe."

"Na zamu ya pili ya nani?"

"Ya kwako. Zote za kwako."

Mbah aliziangalia. Akageuka kuniangalia mimi, nikainamia daftari. Kisha akaanza, kwa mkono wa kushoto, bila haraka na bila kusimama. Jogoo na jogoo. Papai na papai. Kila jozi aliipanga ukingoni mwa meza, imenyooka, kama anapanga vipande vya shaba. Alikosea mara mbili tu. Alipomaliza alirudisha mikono mapajani, akakaa. Nilitegemea atafurahi. Sura yake ilikuwa ileile ya wakati anakunywa sisimizi.

Bu Ratri alilia kidogo akiandika kumi. Alidhani amemwokoa, na mimi nilidhani hivyo.

Mas Gunadi alikuja Jumamosi. Tulikuwa barazani kwa Mbah: yeye, mwanawe, Bu Ratri na karatasi yake yenye muhuri wa zahanati, na Mama aliyeleta tempe, vipande vya soya vya kukaanga. Mimi nilikuwa nimebeba sahani. Bu Ratri alisoma kila mstari. Akili timamu, kumbukumbu nzuri, anaweza kuishi peke yake, jiko la kulehemu lihamishiwe mlangoni. Mas Gunadi alisikiliza, akashusha pumzi, kweli alionekana amepata nafuu.

"Alhamdulillah. Basi uamuzi ni wa Bapak mwenyewe. Bapak anataka nini?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi ningependa uje. Watoto wanakuuliza. Na mimi, kusema kweli, treni kila wiki mbili inanimaliza. Lakini ukitaka kubaki, baki."

"Nggih," Mbah akasema. "Itakavyokuwa rahisi kwako."

"Yaani Bekasi?"

"Nggih."

"Mbah," Bu Ratri akasema, na sauti yake ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa mbele ya mzee, "karatasi inasema unaweza kubaki."

"Karatasi nzuri sana, Bu Dokter. Asante kwa kuhangaika."

Mas Gunadi alitazama huku na huku. Yeye ameishi Bekasi tangu ana miaka kumi na tisa, na kule mtu akisema ndiyo ni ndiyo. Mama alitazama sakafu. Nilimvuta kitenge chake ili aseme kitu, akanibana mkono. Mbah akasogeza sahani ya tempe kwa mwanawe, akamwambia ale zingali moto.

Waliondoka baada ya wiki mbili. Mihuri ilichukuliwa na mpwa wake, na Mbah alisaidia kuibeba hadi kwenye mkokoteni, akiifuta kwanza kwa kitambaa. Siku hizi nyumba yake inauza vocha na maji ya chupa. Bu Ratri bado yupo zahanati. Hachezi tena na mgonjwa wa zaidi ya miaka sitini. Anampa kadi na kwenda kusimama karibu na kabati.

Mwaka huu nimetimiza kumi na saba. Likizo ya muhula nilikwenda kwa shangazi Jakarta, nikapanda treni ya mjini hadi Bekasi. Mas Gunadi alinipokea stesheni mwenyewe kwa pikipiki. Mbah anakaa chumba cha juu chenye televisheni na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Amekonda. Amevaa soksi. Nilimpelekea wali wa megono wa Mama, wenye fenesi changa na nazi, umefungwa kwenye jani la mgomba, akaula wote.

"Chumvi imepungua," akasema.

Nikacheka, kwa sababu sikuwahi kumsikia akisema kitu kimepungua. Yeye hakucheka. Televisheni ilikuwa inaonyesha mashindano ya kupika bila sauti. Nikamweleza kwamba Pak Karsono alifariki, akasema nggih. Nikamweleza kwamba Bu Ratri ana mtoto, akasema nggih. Nikaona hata nikimwambia Pekalongan yote imezama atasema hivyohivyo, na nikawa sina tena la kuogopa. Nikamuuliza tena lile la benchi. Ulijua kadi ilipo, Mbah, na siku ile barazani ulijua unachotaka. Kwa nini ulifunua ya pembeni?

Aliangalia soksi zake, nikadhani ataniuliza kama nimekula.

"Sarjiyem nikimwachia kitu alikuwa ananirudishia," akasema. "Ananifokea, 'Wewe mzee, chukua, ni chako!' Ndipo nachukua." Alikunja lile jani la mgomba mara mbili, akalilaza gotini. "Nilikuwa nasubiri nione kama kuna mwingine wa kunirudishia."