Kajiado, Kwenda Kusuka Kichwa cha Mutheu

Niliondoka Kitengela siku ya Ijumaa kwa sababu ya wivu, na sioni haja ya kuficha. Jana yake binti yangu Mutheu alikuwa amenipigia simu akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba Anti Mwende atamsuka matuta asubuhi ya Ijumaa hiyo, ili wageni wa upande wa kijana wakija kwetu Jumamosi kumposa wamkute amependeza. Mwende ni mdogo wangu. Ana saluni Kajiado mjini, na Mutheu anaishi kwake tangu aajiriwe kwenye duka la dawa huko. Sasa, mimi pia ni msusi. Mwende nilimfundisha mimi. Na kichwa cha Mutheu, tangu nywele zake zianze kushikika, hakikuwahi kusukwa na mkono mwingine ila wangu.

Kuna jambo hao wawili hawakulijua. Mapema mwaka huu nilipasuliwa goti. La goti walilijua, hata walikuja kuniona na ndizi. Lakini kidonda kilipona na goti likaendelea kuvimba, kisha vifundo vya mikono vikafuata, halafu vidole. Daktari alipima damu akaniambia upasuaji haukuwa na kosa. Ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe na kuvishambulia viungo. Alinipa dawa, akasema itachukua wiki kadhaa kabla sijaona nafuu. Nilimuuliza kama nitasuka tena. Akasema tungoje tuone. Tangu siku hiyo sikuweza kuona mkono mzima bila kuuonea wivu, na sikumwambia mtu. Nilijua nikisema tu, kichwa cha Mutheu kimeshakwenda kwa Mwende.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kando ya gari la Baba Njeri, jirani yangu anayepeleka trei za mayai Isinya na Kajiado kila Ijumaa. Nilikuwa nimeamka mapema kuloweka mikono kwenye maji moto, maana vidole hukakamaa sana asubuhi na kulegea jua likipanda. Maji hayakusaidia kitu. Kishikio cha mlango wa gari kilinishinda, nikajifanya natafuta kitu mkobani mpaka Baba Njeri akazunguka kunifungulia.

"Kwani siku hizi wewe ni mheshimiwa, hadi ufunguliwe mlango?" akanitania.

"Kesho nakuwa mama mkwe. Wacha nizoee."

Alicheka, akaondoa gari. Aliendesha kwa mkono mmoja, ule mwingine ukicheza juu ya usukani bila kazi yoyote. Nje ya mji vijana walikuwa wakipakia mawe ya kujengea kwenye lori, wakipokezana kwa viganja vitupu. Nikageuza uso upande wa pili.

Isinya tulisimama Baba Njeri ashushe mayai kwenye mkahawa. Niliketi kwenye benchi karibu na mama wa Kimaasai aliyekuwa akitunga shanga. "Takwenya," nikamsalimia. "Iko," akajibu, akaninyoshea mkono. Kukataa mkono wa mtu ni tusi, kwa hivyo nikampa wangu, naye akaubana kwa ukarimu wake wote. Machozi yakanilengalenga.

"Pole, mama. Ni vumbi?"

"Ni vumbi tu."

Akarudi kwenye kazi yake. Shanga zilikuwa ndogo mno, na yeye hata hakuziangalia, alikuwa akiangalia barabara. Nilimuuliza kama kazi hiyo haimchoshi vidole.

"Vidole vinachokaje?" akashangaa. "Macho ndio yanachoka." Akanipa bangili nijaribu. Ilikwama kwenye vifundo. "Mkono yako ni nono, mama," akasema, akicheka vizuri tu. Nilimrudishia bangili yake. Kutoka Isinya hadi Kajiado nilikuwa nikiitazama mikono yangu, na Baba Njeri akadhani nawaza mambo ya mahari.

Saa mbili tulifika Kajiado. Mutheu alikuwa ameshaketi kwenye kigoda ndani ya saluni, nywele zimechanwa, na Mwende amesimama nyuma yake na kichana cha mkia mkononi.

"Mum! Hukusema unakuja!"

"Umeshaanza?" nilimuuliza Mwende, kabla hata ya salamu.

"Ndio nataka kuanza. Dada, si ukae unywe chai kwanza, na hiyo goti yako?"

"Goti halisuki. Lete kichana."

Msomaji ajue kwamba wasusi tuna desturi yetu. Anayegawa njia ya kwanza ndiye mwenye kichwa. Wengine watamsaidia akipenda, lakini hakuna atakayekichukua mpaka mwenyewe akitoe. Ndiyo maana niliharakisha. Nikapitisha mkia wa kichana toka paji la uso hadi kisogoni, njia ikatoka imenyooka, na kichwa kikawa changu. Moyo ulinitulia.

Tuta la kwanza lilikubali, polepole. La pili, maumivu yalipanda toka kidole gumba hadi kiwiko. La tatu lilianza kufumuka kabla sijafika kisogoni. Nilikaza, nikatokwa jasho, nikalirudia. Mutheu alikuwa ametulia mno. Tangu utotoni, kila nikimsuka, hulalamika.

"Mum," akasema, "mbona leo hunivuti?"

Mwende akasogea kuangalia vidole vyangu. Aliona uvimbe. Kisha akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, kwa sababu kichwa kilikuwa changu na sikuwa nimekitoa. Alisimama hivyo kama mtoto wa shule. Kwangu hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angeninyang'anya.

"Ni baridi yabisi," nikasema. "Ilianzia kwa goti, sasa imeingia vidole. Na wewe Mwende, nakuonea wivu hadi naota hiyo mikono yako."

Mutheu aligeuka, nusu ya nywele zimesimama. "Na ukatuficha? Aki Mum, kwa nini?"

"Ungempa yeye kichwa."

"Si ni ya leo tu?"

"Hii ya leo ndiyo nilikuwa nataka."

Kesho watu wangekuja kumtazama mwanangu, na mimi sijawahi kuruhusu kazi mbovu itoke mlangoni. Nikayafumua matuta yangu matatu mwenyewe. Kufumua hakuhitaji nguvu. Nikamnyoshea Mwende kichana. "Kichwa ni chako."

Hakukipokea mara moja. Alipangusa macho kwa mkono wa sweta, kisha akasema kwa ukali, "Basi kaa hapo unipee nywele. Na usinipee nyingi nyingi."

Kupeana nywele za kuongezea ni kazi ya mwanafunzi. Maneno hayo nilikuwa nikimfokea nayo yeye, wakati angali msichana nami ndiye fundi. Nilikaa. Vidole vyake vilikimbia, tuta baada ya tuta, na niliviangalia kwa uchungu. Mara moja nilimpa nywele nyingi makusudi. Alizirudisha, akaendelea kusuka.

Karibu na sikio la kushoto Mutheu akaruka. "Anti, unanivuta!"

Malalamiko hayo yalikuwa yangu. Nilimwonea Mwende wivu kwa hayo kuliko kwa vidole.

Saa tisa mchana Baba Njeri alinipitia. Mutheu na Mwende wangekuja jioni. Mutheu alipendeza, nami nikamwambia. Mlango wa gari ulikuwa wazi, kwa hiyo nilipanda bila shida, na trei tupu zikagongana nyuma yetu mpaka nyumbani. Njiani nilijiuliza nimejifunza nini, nikapata kidogo tu. Wivu hauondoki kwa kuutaja. Ila kujificha kulikuwa kunanichosha kuliko maumivu.

Kitengela, mbele ya lango letu, gari likasimama. Baba Njeri akanitazama, akingoja.

"Nifungulie mlango," nikamwambia. "Niko na ugonjwa wa viungo. Mikono haiwezi."

Hakunitania. Alizunguka, akaufungua kwa vidole viwili tu. Nilimwonea wivu, nikashuka.