Nilimpandisha Mdogo Wangu Daraja Bila Kuombwa

Msinitumie pole. Nilichofanya nilikifanya macho wazi, kidole changu mwenyewe kikiwa juu ya kitufe, na kama yuko anayesoma hapa akitafuta namna ya kunitetea, amefungua ukurasa usiomfaa.

Nilimharibia mdogo wangu maisha kwa kumpatia alama nzuri.

Chekeni! Hata mimi ningecheka. Sote tumelelewa katika nchi ambamo matokeo yakitoka mtoto hubebwa mabegani, akizungushwa uwanjani kama kikombe cha mpira. Nani alishawahi kutufundisha kwamba alama zinaweza kuwa nyingi mno?

Mdogo wangu nitamwita Mutheu. Mama yetu anauza nguo za watoto kwenye kiduka kimoja katikati ya jiji, ndani ya jengo lenye viduka vingi kama masanduku yaliyopangwa. Mutheu humsaidia. Mimi nimepanga chumba mtaa wa Kilimani, napokea simu katika ofisi ya watu, na nyumbani kwetu ndiye niliyekuwa naitwa Mkorea.

Jina hilo nililipata kwa tamthilia. Nilizitazama hadi nikaacha kusoma maneno ya chini ya skrini. Kisha nikagundua ile mitihani ya bure mtandaoni, ya kujipima umefika daraja gani la Kikorea. Unajibu, unajibu, mwishowe skrini inakupa daraja lako na nyota zinazometameta. Nami napiga picha ya skrini, naituma kwa kila mtu. Daraja la nne! Daraja la tano! Nilikuwa mlevi wa zile nyota.

Lakini nilipoomba nafasi ya kwenda kusoma Korea, nilikataliwa. Mama nilimwambia mtandao ulikuwa na shida. Hakukuwa na shida yoyote. Hawakunitaka, basi, na tangu siku hiyo nikawa na kidonda ambacho hakuna aliyekiona.

Halafu Mutheu naye akaomba. Mutheu! Aliyekuwa akienda darasa la Kikorea Jumamosi baada ya kufunga duka, akipanda ngazi za jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Nilikuwa namcheka.

"Unaongea Kikorea kama mtu anauza ndizi," nilimwambia.

"Na wewe unaongea kama mtu analia kwa televisheni," akanijibu.

Chuo kimoja huko kikamkubali. Angesomea kuwahudumia wazee. Sharti lilikuwa moja tu: afanye mtihani wa mtandaoni wa chuo chenyewe, apate daraja la pili. Wenye daraja la pili hufundishwa lugha mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Daraja la pili! Alikuwa nalo tayari mdomoni, alihitaji tu kulionyesha.

Alikuja kuufanyia kwangu kwa sababu intaneti yangu haikatiki. Akaketi mezani, akanieleza jinsi unavyokwenda. Ukipata swali, linalofuata huwa gumu zaidi. Ukikosa, linashuka.

"Hii haina kupita wala kuanguka," alisema. "Inatafuta tu mahali nimesimama."

Alikuwa katikati ya mtihani, akijibu taratibu, midomo ikicheza, Mama alipopiga simu. Alikuwa amefungiwa nje ya duka, wateja wamesimama, na funguo zimo kwenye mkoba wa Mutheu. Sauti yake ilisikika chumba kizima. Mutheu akatoka na simu kibarazani kumtuliza.

"Usiguse kitu," akaniambia. "Muda ukiisha, uishe. Hilo swali nikose."

Nilisikia vizuri. Nataka mjue nilisikia vizuri!

Nikaketi kwenye kiti chake, bado kina joto lake. Saa kwenye skrini ilikuwa inakimbia kurudi nyuma. Swali lilikuwa jepesi, la kitoto. Nikalijibu. Likaja gumu kidogo. Nikalijibu. Likaja lingine, nikahisi damu inanipanda masikioni, kwa maana sasa mtihani ulikuwa unaongea nami, siyo naye. Ulikuwa unaniuliza nilichongoja kuulizwa tangu niliponyimwa ile nafasi. Kibarazani nilimsikia akimbembeleza Mama, nami nilikuwa napanda, napanda, kama moto wa kibiriti kwenye pazia.

Aliporudi, nyota zilikuwa zinametameta. Daraja la tano.

"Ni nini hii umefanya?"

"Nimekuokoa. Muda ulikuwa unaisha."

"Si nilikwambia usiguse!"

"Sasa unalia nini na umepita?"

"Nani amepita? Mimi? Nawaandikia saa hii, nawaambia kulikuwa na makosa, wanipe tena."

Na hapa ndipo ubaya wangu ulipokomaa. Ule wa kwanza naweza kuuita wazimu. Huu wa pili ulikuwa na akili timamu. Kabla hajamaliza kusema, nilikuwa nimeshapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la familia. Nikaandika: Mutheu wetu, daraja la tano!

Simu yake ikaanza kutetemeka mezani. Mashangazi. Binamu. Mama akapiga tena, safari hii hakuwa anauliza funguo, alikuwa anapiga vigelegele akiwa pale pale nje ya duka lake lililofungwa. "Ngai wangu, Mungu wangu! Mwanangu! Mwanangu!"

Mutheu alinitazama kama mtu anayetazama mlango ukifungwa kutoka nje. Hakuwaandikia. Ungemwambiaje mama yule ashushe sauti?

Jumapili kanisani Mama alisimama akashuhudia. Wamama wa kwaya wakatoka na nyimbo, wakamnyanyua Mutheu juu juu, kiatu kimoja kikamtoka mguuni. Alipopitishwa karibu nami aliinama, akaniambia sikioni, "Waambie wanishushe."

Nikapiga makofi.

Kisha chuo kikaandika. Kwa kuwa amefikia daraja la juu hivyo, hahitaji ule mwaka wa lugha. Ataingia moja kwa moja kwenye masomo, kwa Kikorea kitupu, na kabla ya hapo walimu wangependa kuzungumza naye kwa video. Mutheu aliyasoma haya akiwa ameketi kitandani mwangu, akacheka kicheko kikavu sana.

"Haya, Mkorea. Si ni wewe wanakutaka."

Nikampa mpango. Nilikuwa na mpango, daima nina mpango! Ningekaa sakafuni nyuma ya laptopu, mahali ambapo kamera haifiki, niandike majibu kwenye ubao mdogo mweupe, yeye ayasome tu. Alikataa. Nikamkumbusha Mama. Nikamkumbusha kanisa. Nilimtisha kwa furaha ya watu wengine hadi akakubali.

Walimu walikuwa wawili, mama mtu mzima mwenye miwani na kijana. Mwanzoni Mutheu alijibu mwenyewe, jina lake, kazi ya duka, kwa nini anapenda wazee. Alisema vizuri kwa ile sauti yake ya ndizi, na yule mama akatabasamu. Kisha kijana akaharakisha maneno. Sera za matunzo, mambo ya jamii, sentensi ndefu kama reli. Nikainua ubao. Mutheu akasoma kama mtoto anayesoma karatasi ya dawa. Nikainua tena. Akasoma tena, macho yakishuka na kupanda, yakishuka na kupanda.

Yule mama akavua miwani. Akauliza polepole, kwa upole ambao bado unanichoma, "Kuna mtu aliyekusaidia kwenye mtihani?"

Nikaandika kwa herufi kubwa: HAPANA.

Mutheu akautazama ubao. Akamtazama yule mama. "Ndiyo," akasema. "Asante." Akainamisha kichwa kama alivyofundishwa.

Niliuma mkono wangu nisipige kelele. Mjinga! Hata ndiyo na hapana zinamchanganya!

Barua ikaja. Nafasi imeondolewa, na hawezi kuomba tena kwenye chuo hicho. Mama hakulia, alikasirika, na hasira yake ilihitaji mtu. Akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mjuzi. "Ni nini kilitokea huko?"

Nikamjibu, "Aliulizwa swali rahisi, Mama. Alishikwa na woga akajibu kinyume."

Mama akamgeukia. "Jumamosi zote hizo unatoroka duka langu, na hujui ndiyo na hapana? Umenivua nguo mbele ya kanisa!"

Wale wale waliombeba wakaanza kumrushia maneno. "Mkorea wetu bado yuko? Ama ndege ilikosa petroli?" Akaacha kuja kanisani. Akaacha kuja kwangu. Akaacha darasa la Jumamosi, na hilo ndilo linaloniamsha nikiwa na jasho, kwa maana lile darasa alilipenda.

Nilimfuata dukani Mama akiwa ameenda kununua mzigo. Nilimpelekea chakula, kana kwamba chakula kingesema. Alikuwa anakunja visweta.

"Kwa nini ulisema ndiyo?" nilimuuliza. "Si niliandika hapana, kubwa hivi?"

"Niliona."

"Basi hukuelewa swali."

Akaacha kukunja. "Nilielewa. Ndilo swali pekee siku hiyo lilikuwa la daraja langu."

Nikaiweka sahani ya chakula kando ya visweta.

"Na mbona hukumwambia Mama?"

"Nilikuwa nangoja umwambie wewe. Bado nangoja. Sasa toa hiyo sahani hapo, itamwagikia nguo za watu."

Basi, nyinyi mnaosoma. Nyinyi mnaojipima mtandaoni, mnapata nyota zenu na kuzituma kila mahali, endeleeni, sina ugomvi na nyota. Lakini usiketi kwenye kiti cha mwenzako. Akikuambia usiguse, mikono yako ikae mapajani. Usimpandishe mtu pale ambapo hawezi kusimama, halafu uite hayo mapenzi. Mimi niliyaita mapenzi, na yalikuwa ni wivu uliovaa nguo ya Jumapili. Na nyinyi mnaobeba watu mabegani, tazameni uso wa mnayembeba!

Mama husoma ukurasa huu. Huusoma kwa sauti nyuma ya kaunta, akisonya, akiwauliza wateja, "Sasa huyu ni mtoto wa nani?"

Mama, ni wako. Funga gazeti umtazame huyo anayekunja nguo kando yako. Yeye aliulizwa ukweli na watu asiowajua, kwa lugha ya ugenini, akausema. Mimi niliulizwa na wewe, kwa lugha ya nyumbani.