Babu Aliyebatizwa Mara Mbili

Mimi ndiye mwenye kitabu. Hapa kwetu Buhehe, ukitaka kujua nani alimzaa nani na nani amezikwa wapi, utaletwa kwangu, na hutaondoka mikono mitupu. Nimesoma rejista za ubatizo za parokia mbili, ya kwetu na ya ng'ambo ya mpaka, Kenya, ukurasa kwa ukurasa. Najisifu? Basi najisifu.

Ndiyo maana binti wa kaka yangu alipopata mchumba ng'ambo, wazee hawakuhangaika. Kwetu watu wa damu moja hawaoani, hata kama damu yenyewe ni ya mababu, kwa hiyo waliniuliza mimi. Nikafuata ukoo wa kijana hadi kwa baba wa babu yake. Nikawaambia, "Hawa hawahusiani kabisa. Pikeni."

Siku tatu kabla ya wageni wa upande wa kijana kuja, shangazi yangu alifika kutoka Kiyeyi. Nikamsomea ukoo wa kijana, kumringia tu. Nilipofika kwa yule mzee wa mwisho akanikatiza.

"Ngoja. Mama yake huyo ni nani?"

Nikamtajia.

"Ala! Huyo ni bibi yangu! Na huyo mzee ni baba yangu, wewe! Alibatizwa huku, akabatizwa tena kule kwa jina lingine, apate kazi ya reli kama mtu wa kule. Kumbe aliacha na watoto!"

Yaani babu yangu mwenyewe nilimwandika kitabuni kama watu wawili. Jina la mama yake nililiona katika rejista zote mbili, nikasema wanawake wengi wa kwetu wanalo, nikapita. Na mpakani hapa nani hana majina mawili? Hata mimi ninayo! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Binti alinikuta chumbani na kitabu mezani. Alikuwa amelia.

"Baba mdogo, kitabu ni chako. Bibi wa Kiyeyi amezeeka, tutasema amechanganya. Wewe nyamaza tu."

Nampenda mtoto huyu, kusoma nimemfundisha mimi. Na alisema kweli: wazee wangeniamini mimi, shangazi wangemcheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikachukua kalamu, yeye akiangalia, nikawaunganisha wale wazee wawili wakawa mmoja.

"Niitie wazee," nikamwambia.

Hakwenda. Nikaenda mwenyewe.