Mkanda wa Ofisa na Mafuta ya Kuku

Mimi hukusanya mikanda ya ngozi ambayo maofisa wa kikoloni walining'inizia panga zao. Jumapili, shemeji kutoka Mumias alitutembelea hapa Shirere, tukamchinjia ingokho. Mafuta ya kuku yaliyobaki nikaupaka mkanda wangu wa thamani ili ngozi ilainike, nikauanika uani.

Shemeji alipoondoka, mkanda haukuwepo. Nikampigia simu, nikamwita mwizi.

Alirudi kwa bodaboda, akamwaga mkoba wake mbele ya majirani. "Kumbe mimi nakuwanga mwizi? Tafuta!"

Nami, mtu mzima, nikatafuta. Nilikuwa nikipekua soksi zake, mara mbwa wetu akaja akitikisa mkia, kifungo cha shaba cha mkanda kimo mdomoni.

Shemeji akakichukua, akanikabidhi. "Mwizi wako huyu hapa. Mpigie simu."